Shilingi ikishuka, je, nakisi ya nje hupungua? Namna ya kulipima swali hili kwa data ya Kenya

Swali ni fupi: shilingi ya Kenya ikipoteza thamani, je, nakisi ya urari wa malipo ya kawaida (kiasi ambacho malipo ya nchi kwa nje huzidi mapato yake kutoka nje) hupungua, na huchukua robo ngapi za mwaka kupungua? Linamfaa mwanafunzi wa uzamili pale Maseno, Egerton au Masinde Muliro, na linamfaa pia mchumi wa hazina ya kaunti anayetaka kuelewa kwa nini bei ya mafuta Kisumu hupanda hata wakati soko la dunia limetulia. Kompyuta ya kawaida inatosha, na programu za R na gretl hazilipiwi.

Watafiti wengi hukimbilia modeli. Sisi tunaanza na faili la data na tutakaa hapo kwa muda, maana huko ndiko jibu huharibikia: alama ya kutoa iliyogeuka kuwa ya kujumlisha, nukuu ya sarafu iliyopinduliwa, mwaka wa msingi wa pato la taifa uliobadilishwa katikati ya mfululizo. Programu haitakuonya kuhusu lolote kati ya haya. Itakupa majibu yenye nyota tatu, alama ya uhakika mkubwa wa kitakwimu, na utayaamini.

Kwanza tenganisha sehemu za urari

Urari wa malipo ya kawaida una sehemu nne: biashara ya bidhaa, biashara ya huduma, mapato ya msingi (riba ya madeni ya nje, gawio la wawekezaji wa kigeni), na mapato ya upili, ambayo kwa Kenya ni hasa pesa zinazotumwa nyumbani na jamaa walio ng'ambo. Usizijumlishe kabla ya kuzitazama moja moja, kwa sababu kiwango cha ubadilishaji hakizigusi kwa njia moja.

Chukua chai. Majani ya Kericho na Nandi huuzwa kwa dola kwenye mnada wa Mombasa. Shilingi ikishuka kutoka 130 hadi 150 kwa dola, mnunuzi wa Pakistan, ambaye ndiye mteja wetu mkubwa zaidi wa chai, haoni nafuu yoyote. Analipa dola zile zile kwa kilo. Anayeona tofauti ni kiwanda na mkulima, wanaopokea shilingi nyingi zaidi. Wingi wa chai hauongezeki robo hiyo wala inayofuata, kwani mche mpya huchukua miaka kabla ya kuchumwa vizuri, na kinachoamua mavuno ya msimu ni mvua. Maua ya Naivasha nayo huuzwa kwa fedha za kigeni. Kwa hiyo usitarajie mauzo ya nje, yakipimwa kwa dola, yaruke mara shilingi inapoanguka.

Mafuta yako upande wa pili. Matatu ya Kisumu kwenda Busia haitaacha kusafiri kwa kuwa dizeli imepanda. Unyumbufu wa mahitaji, yaani kiasi mahitaji yanavyobadilika bei ikibadilika, ni mdogo, hivyo bili ya uagizaji kwa dola hubaki karibu pale pale kwa muda. Nakisi hupungua pale tu jumla ya unyumbufu wa mauzo ya nje na wa uagizaji inapozidi moja. Hilo ndilo sharti la Marshall na Lerner. Ukiweka kila kitu ndani ya namba moja, athari za sehemu mbalimbali zinaweza kufutana na ukaandika kwamba "hakuna uhusiano", kumbe uhusiano upo lakini umefichwa. Panga milinganyo mitatu angalau: bidhaa bila mafuta, mafuta peke yake, na urari wote.

Mahali pa kupata data

Benki Kuu ya Kenya huchapisha viwango vya kubadilisha fedha vya kila siku, riba yake ya msingi, akiba ya fedha za kigeni, na pesa kutoka ng'ambo kwa kila mwezi, zikiwa kwa dola. Shirika la takwimu la taifa, KNBS, hutoa taarifa ya kila robo kuhusu urari wa malipo, pato la taifa la kila robo, na faharasa ya bei za walaji kila mwezi. Kwa kulinganisha na nchi nyingine, tumia hifadhi ya Benki ya Dunia. Urari wa malipo ya kawaida kwa asilimia ya pato la taifa uko chini ya msimbo BN.CAB.XOKA.GD.ZS. Kiwango halisi cha ubadilishaji (kilichorekebishwa kwa tofauti za bei kati ya nchi) kilichokokotolewa tayari, Kenya ikiwemo, kiko kwa Bruegel, taasisi ya utafiti wa uchumi.

Kila faili unalopakua, lipe jina lenye tarehe ya kupakuliwa na uhifadhi nakala isiyoguswa. Takwimu za urari hurekebishwa mara kwa mara, wakati mwingine kwa miaka kadhaa nyuma. Msimamizi wako akipakua jedwali lile lile miezi sita baadaye anaweza kupata namba tofauti, na bila tarehe hutaweza kumweleza sababu.

Anza mwaka 2009. Mfululizo wa pato la taifa la kila robo wenye mwaka wa msingi 2016 unaanzia hapo, na hadi mwisho wa 2024 una robo 64. Ukitamani miaka mingi zaidi, tumia data ya mwaka badala ya robo, lakini fahamu kwamba kabla ya Oktoba 1993 shilingi haikuwa ikielea kikamilifu. Bei yake ilikuwa ikipangwa. Kuunganisha kipindi hicho na cha leo kana kwamba soko ni lile lile ni kosa. Mwaka huo huo wa 1993 mfumuko wa bei ulikuwa wastani wa asilimia 46 hivi, na mwaka mmoja wa namna hiyo unaweza kuvuta mstari wote wa regresheni, yaani makadirio ya uhusiano kati ya vigezo.

Kugeuza nukuu za sarafu: hapa usiharakishe

Fungua jedwali la Benki Kuu. Dola, yuro na pauni zimeandikwa kama shilingi za Kenya kwa kila dola, yuro au pauni moja. Yeni ya Japani imeandikwa kwa kila yeni 100. Lakini sarafu za majirani zimegeuzwa: jedwali linaonyesha ni shilingi ngapi za Uganda, au za Tanzania, unazopata kwa shilingi moja ya Kenya. Uganda ni soko kubwa sana la bidhaa zetu, kwa hiyo uzito wake ndani ya faharasa si mdogo, na kosa hapa halisameheki.

Huu hapa mfano wa kubuni wenye hesabu kamili. Tuseme uzito wa biashara ni 0.5 kwa dola, 0.3 kwa yuro na 0.2 kwa shilingi ya Uganda. Dola inapanda kutoka 100 hadi 110, yuro kutoka 120 hadi 126, na nukuu ya Uganda inatoka 28 hadi 27. Chukua logariti asilia ya kila uwiano: dola 0.0953, yuro 0.0488. Kwa Uganda unageuza kwanza, yaani 28 kugawa kwa 27, ambayo logariti yake ni 0.0364. Zidisha kwa uzito na ujumlishe: 0.0477 + 0.0146 + 0.0073 = 0.0696. Shilingi imeshuka dhidi ya kapu zima, ambalo sasa limepanda bei kwa asilimia 7.2. Ukisahau kugeuza Uganda, 0.0073 inakuwa ya kutoa, jumla inakuwa 0.0550, na unaandika asilimia 5.7. Hakuna kitakachokushtua, kwa sababu 5.7 nayo inaonekana kuwa namba ya kawaida.

Sasa toka kwenye kiwango cha kawaida uende kwenye kiwango halisi. Bei za Kenya zikiwa zimepanda kwa asilimia 8 na za washirika wa biashara kwa asilimia 3, ongeza logariti ya 1.03 (0.0296) na utoe logariti ya 1.08 (0.0770). Kinabaki 0.0222. Bei ya kapu imepanda kwa asilimia 7.2 ubaoni, lakini kwa upande wa ushindani wa bei nchi imepata asilimia 2.2 tu, sehemu iliyobaki imemezwa na mfumuko wa bei wa nyumbani. Ndiyo maana hoja ya kwamba "shilingi imeanguka, basi mauzo ya nje yatanufaika" inapaswa kupimwa kwa kiwango halisi.

Andika juu ya safu hiyo, kwa maneno, mwelekeo wake. Katika mfano wetu namba ikipanda shilingi imedhoofika. Katika faharasa ya Bruegel na ya Shirika la Fedha la Kimataifa, namba ikipanda sarafu ya nchi imeimarika. Koefisienti (namba inayopima athari ya kigezo) ya 0.15 kwa mtindo mmoja ni −0.15 kwa mwingine, na mtu asiyeangalia huishia kutetea matokeo yaliyo kinyume cha data yake.

Vipimo vya urari wenyewe

Urari uko kwa dola au kwa shilingi kulingana na jedwali. Pato la taifa liko kwa shilingi. Ukibadilisha, tumia wastani wa kiwango cha robo nzima kwa vitu vinavyotiririka, kama biashara na pato, na kiwango cha siku ya mwisho kwa vitu vinavyohesabiwa siku moja, kama deni na akiba. Urari wa robo hugawanywa kwa pato la robo. Ukigawa urari wa robo kwa pato la mwaka mzima, nakisi ya asilimia 4 inageuka kuwa asilimia 1.

Kuna mtego mwingine ndani ya uwiano huu ambao hautajwi inavyostahili. Tuseme pato la robo ni shilingi trilioni 4 na nakisi ni dola bilioni 1.28. Kwa shilingi 125 kwa dola, pato ni dola bilioni 32 na nakisi ni asilimia 4. Shilingi ikienda 160, pato lile lile ni dola bilioni 25, na nakisi ile ile inakuwa asilimia 5.12. Hakuna kontena hata moja lililoongezeka bandarini. Kwa kuwa kiwango cha ubadilishaji kimeingia ndani ya kipimo cha urari, regresheni itagundua uhusiano ulioutengeneza wewe mwenyewe. Dawa yake ni kurudia makadirio kwa kipimo kisicho na tatizo hilo: logariti ya mauzo ya nje kugawa kwa uagizaji, vyote kwa fedha moja. Faida ya pili ni kwamba uwiano huu unakubali logariti, wakati nakisi, kwa kuwa ni namba hasi, haikubali.

Uagizaji katika takwimu za forodha huhesabiwa pamoja na bima na nauli ya meli hadi Mombasa. Katika urari wa malipo huhesabiwa bila gharama hizo, na nauli huhamia kwenye huduma. Ukichukua bidhaa kutoka forodha na huduma kutoka urari, umehesabu nauli mara mbili.

Akaunti ya fedha nayo iangalie alama yake. Katika mwongozo wa sita wa Shirika la Fedha la Kimataifa, uliotoka 2009, namba chanya ina maana kwamba nchi imekopesha nje kuliko ilivyokopa. Katika mwongozo wa tano alama ilikuwa kinyume. Kagua kwa kujumlisha: urari wa malipo ya kawaida na akaunti ya mtaji, pamoja na makosa na yaliyoachwa, lazima zilingane na akaunti ya fedha ikiwemo mabadiliko ya akiba. Zisipolingana, umechanganya miongozo miwili.

Mivunjiko (mabadiliko ya ghafla katika data) unayopaswa kuijua kwa majina

Mwaka 2014 pato la taifa lilipewa mwaka mpya wa msingi, 2009, na pato la 2013 likaongezeka kwa takriban asilimia 25 mara moja. Uwiano wowote uliotumia pato la zamani hauwezi kuunganishwa na wa sasa. Hili linahusu sana anayenakili namba kutoka tasnifu za zamani.

Robo ya nne ya 2011: shilingi ilipita 106 kwa dola mwezi Oktoba, na Benki Kuu ikapandisha riba ya msingi kutoka asilimia 7 hadi 11, kisha 16.5, kisha 18 mnamo Desemba. Ndani ya robo hiyo moja kuna kuanguka na kurudi, hivyo wastani wa robo huficha mengi. Ukiweza, iangalie kwa data ya mwezi. Robo ya pili ya 2020 ni ya korona. Robo ya pili ya 2023 ndipo ulipoanza mpango wa serikali kwa serikali wa kuagiza mafuta kwa mkopo wa siku 180, ambao ulisogeza mbele wakati wa kulipa dola: mafuta yanafika leo, dola zinatafutwa miezi sita baadaye. Kwa hiyo uhusiano wa wakati kati ya uagizaji wa mafuta na shinikizo la shilingi baada ya hapo si ule wa kabla. Kisha robo ya kwanza ya 2024: mwezi Februari serikali ilitoa hati mpya ya deni (Eurobond) ya dola bilioni 1.5 na kununua sehemu kubwa ya ile ya dola bilioni 2 iliyokuwa inaiva Juni, na shilingi ikatoka karibu 160 hadi karibu 130 ndani ya miezi michache. Kilichoisogeza hapo ni imani ya wakopeshaji, wala si chai wala mafuta. Modeli ya biashara isiyo na kigezo cha 0 na 1 (1 kwa robo hiyo, 0 kwa nyingine zote) itajaribu kuieleza kwa biashara na itapotoka.

Jambo moja kuhusu mwisho wa 2022 na mwanzo wa 2023: kiwango kilichochapishwa na bei ambayo benki ziliuzia wateja dola havikuwa sawa, maana soko la dola kati ya benki lilikuwa limezorota. Wakati huo kiwango rasmi hupunguza ukubwa wa anguko. Tangu nusu ya pili ya 2024, kinyume chake, dola imesimama karibu 129 kwa muda mrefu. Ukipima mtikisiko kwa modeli ya GARCH, inayokadiria mtikisiko unaobadilika kwa wakati, kwenye data ya siku, kipindi hicho kina mabadiliko madogo mno na makadirio huenda yakakataa kutulia. Kata sampuli kabla ya hapo au tumia mtawanyiko wa mwezi.

Mafuta ya Uganda pia yanahitaji jicho. Tangu Julai 2024 shirika la mafuta la Uganda, UNOC, huagiza lenyewe. Awali kampuni za Uganda zilinunua kupitia za Kenya. Urari wa malipo hufuata umiliki wa bidhaa, haufuati bomba inamopita. Kagua safu ya bidhaa zinazouzwa tena nje kuanzia robo ya tatu ya 2024 kabla ya kusema kwamba biashara ya Kisumu imeporomoka.

Makadirio

Pima kila mfululizo kwa kipimo cha Dickey na Fuller, kinachoangalia iwapo mfululizo hurudi kwenye wastani wake au hutangatanga, na ukithibitishe kwa kipimo cha KPSS, ambacho dhana yake ya kuanzia ni kinyume. Vikipingana, chora grafu; mara nyingi utakuta mvunjiko, na hapo kipimo cha Zivot na Andrews, kinachoruhusu mvunjiko, kitakufaa zaidi.

Kwa sampuli ya namna hii tunapendekeza ARDL, modeli inayotumia thamani za sasa na za vipindi vya nyuma, ya Pesaran, Shin na Smith (2001), inayokubali mchanganyiko wa mifululizo iliyotulia na ile inayotulia baada ya kuchukua tofauti moja. Ikiwepo inayohitaji tofauti mbili, kipimo chao hakifai. Vigezo vya kueleza viwe vitatu: kiwango halisi cha ubadilishaji, pato la ndani, na bei ya mafuta ghafi duniani. Bei ya mafuta ni ya lazima kwa sababu huisukuma shilingi na nakisi kwa pamoja. Ukiiacha, lawama yote inaangukia shilingi.

Hesabu nafasi uliyo nayo kabla ya kuongeza chochote. Vipindi vinne vya nyuma kwa kila kigezo ni koefisienti 4 za urari wenyewe, 15 za vigezo vitatu, moja ya kudumu na 3 za misimu: jumla 23. Robo 64 ukitoa 4 za mwanzo zinabaki 60, kwa hiyo una nafasi huru 37. Kila kigezo kipya chenye vipindi vinne kinakula tano. Anza na vinne, kisha iache kanuni ya Schwarz, inayochagua idadi ya vipindi inayofaa, ipunguze. Usitumie jumla ya robo nne zinazosogea badala ya vigezo vya misimu, maana robo zinazoingiliana hutengeneza uhusiano kati ya masalia (makosa ya makadirio) ambao haukuwepo.

Kwa vigezo vitatu, bila mwelekeo wa wakati, mipaka ya asilimia 5 ni 3.23 na 4.35. Takwimu ya F ya kipimo hicho ikizidi 4.35 kuna uhusiano wa muda mrefu. Ikiwa chini ya 3.23 haupo, ikiwa katikati, huna jibu, na uandike hivyo. Mipaka hiyo ni ya sampuli kubwa. Kwa robo 60 tumia majedwali ya Narayan (2005), yaliyotengenezwa kwa sampuli za 30 hadi 80. Ni makali zaidi, na F ya 4.4 iliyokufurahisha inaweza isivuke.

Koefisienti ya kurekebisha kosa, inayoonyesha kasi ya kurudi kwenye uhusiano wa muda mrefu, inapaswa kuwa hasi. Ikiwa −0.4, asilimia 40 ya pengo huzibwa kila robo, na nusu ya pengo huisha baada ya robo 1.4, yaani miezi minne hivi. Ikiwa chanya, rudi kwenye mivunjiko. Kisha kagua kama masalia yanahusiana kwa kipimo cha Breusch na Godfrey, vipindi vinne, na uchore CUSUM, grafu inayoonyesha iwapo koefisienti zimetulia kwa wakati. Mstari ukitoka nje ya mipaka karibu na 2023, tayari unajua pa kutazama.

Ukikuta urari unazorota robo mbili za kwanza kisha unapanda, hilo ndilo umbo la herufi J: bei za uagizaji hupanda mara moja, wingi hubadilika baadaye. Lionyeshe kwa grafu yenye mipaka ya uhakika. Mipaka ikijumuisha sifuri kote, hakuna umbo la J, hata kama mstari wa katikati unafanana nalo.

Nakisi na utulivu wa uchumi

Nakisi ya asilimia 5 inayolipiwa na kiwanda kilichojengwa Nakuru kwa mtaji wa kigeni haifanani na ya asilimia 5 inayolipiwa kwa mikopo ya miezi kumi na miwili. Kwa hiyo weka jedwali la pili linaloonyesha nakisi ya kila mwaka ililipiwaje: uwekezaji wa moja kwa moja, hati za dhamana, mikopo, au kupungua kwa akiba. Pima akiba kwa miezi ya uagizaji. Lengo la kisheria la Benki Kuu ni angalau miezi minne, na la Jumuiya ya Afrika Mashariki ni 4.5. Kwa mfumuko wa bei, kadiria mlinganyo tofauti wa data ya mwezi, ukitenganisha chakula na mafuta. Bei ya mahindi Kitale hufuata mvua na mpaka wa Uganda kuliko inavyofuata dola.

Kuongeza data ya Busia

Biashara isiyo rasmi ya mahindi, mayai, maharagwe na dagaa kupitia Busia na Malaba haiingii yote katika forodha. Ukitaka kuipima, pata kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, kwanza, kisha ujitambulishe kwa ofisi za kaunti kabla ya kusimama mpakani na daftari. Tenganisha siku za soko na siku za kawaida. Ukichukua siku za soko peke yake na kuzidisha kwa 30, umevimbisha biashara. Andika bidhaa, kipimo, upande inakoelekea na bei. Gunia na debe zipime kwa mizani angalau mara chache kila kituo, kwa sababu gunia la upande mmoja halina kilo sawa na la upande wa pili.

Kwa wabadilishaji fedha, andika bei ya kununua na ya kuuza shilingi ya Uganda, asubuhi na jioni, na utumie katikati yake. Linganisha na nukuu ya Benki Kuu ya siku hiyo. Pengo likipanuka kwa wiki kadhaa mfululizo, liingize kama kigezo katika mlinganyo wa biashara na Uganda, kwa mwezi, na uliripoti pamoja na matokeo yaliyotumia kiwango rasmi ili msomaji aone yote mawili.